Kabla hujaweka pevingi, ifikirie Fuso

Vijana, mbona tukishauza nyanya msimu mmoja tu, mkono unakimbilia pevingi za getini? Sizikatai. Ila nyingi ninazoziona kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River zimepangwa kama za nyumba ya mjini: milimita 60, mchanga kidogo chini, basi. Hizo ni za gari dogo. Fuso ikiingia kubeba mzigo, njia ya tairi inadidimia, halafu mvua za masika, Machi hadi Mei, zinamalizia kazi.

Mimi ningeanza na mtaro. Maji yanayoteremka kutoka Meru hayaulizi umetumia shilingi ngapi. Kisha ondoa udongo laini wa juu, mwaga moramu kwa tabaka, nyunyizia maji, shindilia kila tabaka, na katikati painuke kidogo ili maji yakimbilie pembeni. Mzigo unatoka, na hela ya mipira ya matone inabaki mfukoni.

Unazitaka pevingi kabisa? Haya, chukua za milimita 80, uzipange juu ya msingi huohuo na uzibane kwa kingo za zege, la sivyo zitatawanyika. Fundi akikwambia hakuna haja ya kushindilia, tafuta mwingine.