Takwimu za Unywaji wa Pombe: Zinavyopatikana na Kwa Nini Jibu la Kila Kaya Lina Thamani

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Serikali inapopanga huduma za afya ya akili, matibabu ya ini na shinikizo la damu, au usalama barabarani, swali moja hujitokeza: ni wananchi wangapi wanaokunywa pombe, na kwa kiasi gani? Swali hilo linaonekana jepesi, lakini ni miongoni mwa yale magumu katika fani ya takwimu.

Malengo ya Maendeleo Endelevu, kupitia shabaha ya 3.5, yanazitaka nchi kuimarisha kinga na tiba dhidi ya matumizi mabaya ya vilevi ifikapo mwaka 2030. Moja ya vigezo vyake ni wastani wa lita za pombe halisi kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 15 na zaidi kwa mwaka.

Njia ya kwanza ya kupata kiasi hicho ni kumbukumbu za uzalishaji, uagizaji na ushuru wa bidhaa. Kumbukumbu hizo hupatikana kila mwaka bila kumhoji mtu yeyote. Hata hivyo, hazielezi nani alikunywa, wala haziioni mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa, rubisi ya Kagera, sembuse gongo ambayo ni haramu. Kutegemea kumbukumbu za ushuru pekee ni sawa na kuhesabu mifugo ya kijiji kwa kutazama iliyofika mnadani.

Ndiyo maana utafiti wa kaya unahitajika. Mwaka 2012 Tanzania ilifanya utafiti wa viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, kwa kutumia utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ujulikanao kama STEPS. Katika tafiti za aina hii, maeneo ya kuhesabia watu huchaguliwa kwanza, kisha kaya, na hatimaye mhojiwa ndani ya kaya. Aliyechaguliwa habadilishwi kwa jirani aliyepo nyumbani. Mdadisi hurudi tena, kwa kuwa anayekosekana nyumbani jioni huenda ndiye ambaye utafiti unamhitaji zaidi.

Maswali nayo hupangwa kwa uangalifu. Mhojiwa huulizwa iwapo amewahi kunywa, iwapo amekunywa katika miezi 12 na siku 30 zilizopita, na alikunywa kiasi gani kila siku katika siku saba za mwisho. Majibu hubadilishwa kuwa vipimo sanifu, na katika STEPS kipimo kimoja ni gramu 10 za pombe halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20, yaani vipimo viwili. Kazi huwa ngumu zaidi kwa pombe ya kienyeji, kwani ukali wake hutofautiana na hunywewa kwa kata, kopo au kibuyu. Hapo kadi za picha za vyombo humsaidia mhojiwa kukadiria.

Pamoja na hatua hizo, watu hutaja pungufu. Wengine husahau, wengine huona aibu, na anayekunywa gongo huogopa mkono wa sheria. Mwanamke anayehojiwa mbele ya wakwe zake hawezi kutarajiwa kusema yote. Katika nchi nyingi, kiasi kinachotajwa kwenye tafiti huwa kati ya asilimia 40 na 60 tu ya kile kilichouzwa. Kwa sababu hiyo, wataalamu huunganisha njia zote mbili: mauzo huonesha ukubwa wa jumla, na tafiti huonesha mgawanyo kwa umri, jinsia na eneo.

Umuhimu wa vipimo hivyo huonekana katika sera. Tarehe 1 Machi, 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe iliyofungashwa katika viroba. Ili kujua iwapo wanywaji wa viroba waliacha pombe au walihamia vinywaji vingine, ni lazima maswali yaleyale yaulizwe kabla na baada ya hatua hiyo. Takwimu za siku 30 hazilinganishwi na za miezi 12, na msomaji anapoona asilimia mbili zinazopishana, aangalie kwanza swali lililoulizwa.

Mwananchi ana nafasi yake katika jambo hili. Mdadisi anapofika, ni haki yake kuona kitambulisho chake na kuomba mahojiano ya faragha. Tafiti za afya huanza kwa ridhaa ya mhojiwa, na Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inalinda usiri wa taarifa za mtu binafsi. Wilaya ambayo wakazi wake wanaficha unywaji huonekana kwenye takwimu kuwa haina tatizo, na mahali pasipo na tatizo kwenye takwimu ni vigumu kupangiwa mtaalamu, dawa au fedha.