Mti wa Krismasi wa Plastiki Usiwe wa Mwaka Mmoja

Ifikapo mwezi wa Desemba, maduka ya Nairobi, Nakuru na Kisumu hujaa miti ya Krismasi ya plastiki, mingine ya kijani kibichi, mingine imepakwa rangi nyeupe ati ni theluji. Wazazi husimama hapo huku watoto wakiwavuta mikono, na baada ya dakika tano mti umelipiwa. Haraka hiyo ndiyo inayoniudhi. Mtu anayenunua kitanda hukikalia kwanza, na anayenunua sufuria huigonga kwa kidole asikie mlio wake. Mbona mti ununuliwe kwa kutazama picha iliyo juu ya sanduku?

Wako wanaosema kwamba mwenye kununua mti wa plastiki anaiokoa misitu yetu. Mimi sikubaliani nao. Jamaa nyingi za mashambani, hasa katika sehemu za Kati na Bonde la Ufa, hazina haja ya kuingia msituni. Hukata tawi la saipresi kwenye ua wa boma, wakalisimamisha katika debe la mchanga na kulipamba kwa pamba, baluni na kadi. Ua huo ungepunguzwa tu hata kama Krismasi isingekuwapo. Mharibifu ni yule anayekata kilele cha mti mchanga, au anayeingia msitu wa Serikali na panga usiku. Huyo ni mwizi, wala sikukuu haimtakasi. Na wale wanaojivunia saipresi kuwa mti wetu wa asili wakumbuke kwamba nayo ni mgeni humu nchini, kwani kwao ni Mexico na Amerika ya Kati.

Mti wa bandia wenyewe si jambo geni. Wajerumani wa karne ya 19 waliutengeneza kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani na kufungwa kwenye waya. Katika miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa na wazimu wa miti ya alumini inayometameta kama sufuria mpya. Siku hizi mingi hutoka China, nayo ni ya plastiki.

Plastiki hiyo ina deni lake. Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilikadiria kwamba mti wa bandia wa mita 2 unaleta hewa chafu ya kaboni ya kiasi cha kilo 40, ilhali mti halisi wa kimo hicho, ukichomwa baada ya sikukuu, huleta kilo 3.5 hivi. Gawanya mwenyewe uone: usipoutumia mti wako wa plastiki miaka kumi na zaidi, afadhali tawi la uani. Basi mwenye ua asihangaike. Lakini mpangaji wa ghorofa ya nne kule Umoja au Pipeline, ambaye hata mchicha hana pa kuupanda, ana haki ya kununua, mradi anunue mti utakaodumu.

Mwambie mwuzaji afungue sanduku. Akikataa, nenda duka la pili. Likunje tawi moja kisha ulinyoshe. Waya mbovu hulegea papo hapo. Litikise, na majani yakimwagika sakafuni ujue kwamba mwaka ujao utabaki na fimbo. Tazama miguu, kwa maana hapo ndipo miti mingi hufia: ya chuma hustahimili, ya plastiki nyembamba hupasuka mtoto wa kwanza anapouvuta mti. Ule uliopakwa weupe mimi siupendi hata kidogo, kwani rangi hubambuka na kuchafua zulia, na theluji yenyewe hapa kwetu iko kileleni mwa Mlima Kenya tu.

Taa ni bora zinunuliwe kando. Zilizoshonewa mtini zikiharibika, mti mzima huonekana umekufa. Isitoshe, nyingine zilitengenezewa umeme wa Marekani wa volti 120, ilhali wetu ni wa volti 240. Ukizichomeka vivi hivi utaziunguza, na pengine nyumba pia.

Kisha kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kamwe. Jamaa nyingi za mjini hununua mti wa futi saba, wakaupamba wiki mbili, halafu tarehe 22 au 23 hufunga nyumba na kupanda basi kwenda kwa nyanya na babu. Siku yenyewe ya Krismasi mti unamulika viti vitupu, na pesa zilizoulipia zingesaidia karo ya Januari. Kwa jamaa kama hiyo naona mti wa futi tatu watosha. Huingia katika begi, hukaa juu ya meza ya nyanya, nao wajukuu wote huuona.

Baada ya sikukuu, ufungeni kwa gazeti na kuuweka penye baridi, si chini ya mabati, maana joto hukausha plastiki ikavunjika. Tawi likikatika lifungwe kwa waya na kugeuziwa ukutani. Ukichakaa kabisa, msiuchome katika shimo la takataka nyuma ya nyumba, kwa sababu moshi wa plastiki hiyo una sumu na watoto ndio huzunguka moto wa namna hiyo. Shule za chekechea hupokea matawi hayo kwa furaha.