Lord Carrington: waziri aliyeachia kiti bila kufukuzwa

Tarehe 2 Aprili 1982, askari wa Argentina walivamia visiwa vya Falklands, vinavyotawaliwa na Uingereza katika bahari ya Atlantiki ya kusini. Siku tatu baadaye, waziri wa mambo ya kigeni wa Uingereza, Lord Carrington, alijiuzulu. Waziri mkuu Margaret Thatcher alijaribu kumshawishi abaki, lakini alikataa.

Hakushtakiwa kwa kuiba mali ya serikali. Ila mzozo wa visiwa hivyo ulikuwa kazi ya wizara yake, na sasa visiwa vilikuwa mikononi mwa adui. Kwake hilo lilitosha. Waswahili husema mkubwa ni jalala: uchafu wote humwangukia yeye.

Mtu huyo hakuwa mtoto wa maskini. Alizaliwa mwaka 1919, na kiti katika Baraza la Malodi alikirithi kutoka kwa baba yake. Hakuna raia aliyempigia kura. Alipigana katika vita kuu ya pili na kupewa nishani ya ushujaa. Mwaka 1951 Winston Churchill alimwingiza serikalini, upande wa kilimo. Mwaka 1954 kukazuka kashfa ya shamba la Crichel Down, ambalo serikali ilikuwa imelitwaa na kukataa kulirudisha kwa wenyewe. Waziri wake, Thomas Dugdale, akajiuzulu. Carrington naye alijitolea kuondoka, Churchill akamkatalia. Funzo alilipata mapema.

Afrika inamkumbuka kwa jambo lingine. Mwisho wa mwaka 1979 aliongoza mazungumzo ya Lancaster House, London, yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu. Robert Mugabe na Joshua Nkomo walikaa meza moja na Ian Smith na Askofu Abel Muzorewa. Nyuma ya pazia, marais Nyerere, Kaunda na Machel walisukuma mapatano. Tarehe 18 Aprili 1980, Zimbabwe ikapata uhuru. Hata hivyo, mapatano hayo yalilinda mashamba ya walowezi kwa miaka 10, na kidonda cha ardhi kilipasuka baadaye. Sifa zake zina doa, na doa hilo si dogo.

Lakini kuhusu kiti, alionyesha njia. Mwanzoni mwa 1983, tume ya Lord Franks ilisema serikali haiwezi kulaumiwa kwa uamuzi wa Argentina kushambulia. Angeweza kungoja ripoti hiyo akiwa ofisini. Hakungoja. Hasira ya wabunge ilipata mtu wa kujibu, na serikali ikaendelea na vita hadi Argentina iliposalimu amri tarehe 14 Juni 1982.

Wala kujiuzulu hakukumzika. Kuanzia 1984 hadi 1988 alikuwa katibu mkuu wa NATO. Alifariki Julai 2018, akiwa na miaka 99, na heshima yake.

Katika nchi nyingi, msiba ukitokea, tume huundwa, karani mdogo hufukuzwa, na waziri hubaki na gari lake na walinzi wake. Wakubwa hao huogopa kwamba wakiachia kiti, jina lao litakufa. Maisha ya Carrington yanasema kinyume. Cheo ni dhamana, na mwenye dhamana hangoji kusukumwa mlangoni.