Watatu Wasiotajwa

Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito, Ethiopia, Sajenti Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, alirukia juu ya kifaru cha Waitalia, akafungua kifuniko na kuwaua waliokuwamo, akimwacha dereva tu. Kisha akavifuata vifaru vingine kwa miguu, pamoja na sajenti meja mmoja Mwafrika na askari wawili, hadi risasi zilipomwangusha. Mwaka 1945 alitunukiwa Msalaba wa Victoria. Aliustahili, na heshima yake hatuipunguzi. Lakini lisomeni tangazo la tuzo hiyo: wale Waafrika watatu hawakutajwa majina, ilhali risasi zilikuwa zile zile.

Batalioni yao, ya 6 ya Keya (King's African Rifles), ilikuwa ya Tanganyika. Wakipsigis nao waliingia Keya kwa wingi, wakapigana Ethiopia, kisha Burma.

Sisi Wakipsigis wa Kericho na Bomet tunajua ushujaa ulivyolipwa. Baada ya Vita vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis kwa maafisa Waingereza waliolemaa vitani. Walilima kitani, bei ikaporomoka, mpango ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Ilichukuliwa na kampuni ya James Finlay, ikapandwa chai. Wapagazi na askari Waafrika wa vita hivyo hivyo hawakugawiwa shamba. Na baada ya Vita vya Pili, hata bakshishi ya kuagwa jeshini ilipangwa kwa rangi ya ngozi.

Novemba hii majirani zetu hapa Uingereza watavaa ua jekundu la kuwakumbuka waliofia vitani, nasi tutasimama nao. Ila mkipiga simu nyumbani, iwe Litein, Kapkatet au Silibwet, waulizeni wazee: babu alipigana wapi? Medali yake anayo nani? Nyota ya Burma ya Waingereza ilitolewa bila jina la mwenyewe kuchongwa, kwa hiyo akifariki bibi anayejua ni ya nani, inabaki chuma tu.

Tuleteeni jina kamili, ukoo, kijiji, namba ya jeshi na picha ya cheti cha kuachishwa. Mwaka wa kuzaliwa usipojulikana, tajeni ibinda lake, yaani rika lake la tohara. Tutayachapa majina yote, ya wenye nishani na wasio nayo, tukianza na waliofia huko, maana hao hawakupata nafasi ya kusimulia.