Master ya sheria: muache watoto wa wakimbizi waandikishwe

GOMA — Kwenye dirisha la fakilte ya sheria mtu aliyekimbia vita anakutana na neno moja: lete orijinali. Orijinali ya diploma ya serkali, orijinali ya releve ya kila mwaka, na bodero za minervali. Mtu aliyetoka Masisi ao Rutshuru usiku, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, atatoa wapi hizo karatasi? Na tunajua wote kama benki za Goma zilifunga milango mwezi wa kwanza wa 2025.

Hatuombi kote za bure. Anayetaka master ya sheria awe na lisansi ya sheria, afanye mitihani, aandike memware yake na kuitetea mbele ya walimu. Hayo ni masomo, na yabaki magumu. Lakini karatasi iliyoungua ndani ya nyumba si kipimo cha akili.

Wanasema diploma za uongo ni nyingi. Ni kweli, zipo. Basi muzichunguze! Kila anayefanya Examen d'État anapewa namba ya tarakimu 14, na matokeo yanatafutwa hata kwa simu. Serkali iko na majina. Kwa nini kazi ya kuhakikisha iachiwe mama anayelala kanisani, wakati ofisi mbili zinaweza kuandikiana barua?

Kuna fujo nyingine. Zamani sheria ilikuwa miaka 3 ya gradua na miaka 2 ya lisansi. Mfumo wa LMD ulipoingia, kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ikawa miaka 3, kredi 180, na master miaka 2, kredi 120. Jina ni lile lile, lisansi, lakini ya zamani ni miaka 5 na ya sasa ni 3. Aliyekatizwa na vita kisha gradua anaingia wapi? Jibu liandikwe na kubandikwa ukutani, lisitegemee karani gani ameamka vizuri.

Wengine watasema: watu wana njaa, nyinyi munazungumzia master? Ndiyo, tunaizungumzia. Kesi za mashamba yaliyochukuliwa zitafika tribinali siku moja. Za wamama waliobakwa vilevile. Ili mtu awe wakili anahitaji diploma ya sheria na miaka 2 ya staji; hakimu pia hapiti bila diploma hiyo. Katiba, kifungu cha 12, inasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Tukifungia nje vijana waliotoka vijijini humo, nani atasimama mbele ya hakimu akijua shamba lile lilikuwa la nani, na kwa lugha gani mashahidi wanasema ukweli?

Tunaomba wakuu wa fakilte waandikishe hao wanafunzi kwa muda, semesta moja ao mbili, wakati majibu yanangojewa. Ikionekana mtu alidanganya, afukuzwe.

Na nyinyi wazazi mulio kwa jamaa ao makanisani: tafuteni ile namba ya tarakimu 14 ya mtoto, na mwaka aliofanya mtihani. Muiandike kwenye daftari, na tena kwenye simu ya mtu anayeishi mji mwingine.