Ulipokuwa na Miaka 14

Ukiomba kazi serikalini hapa Uingereza, au kwenye baadhi ya kampuni kubwa za sheria na uhasibu, ukishamaliza kueleza elimu na uzoefu utakutana na ukurasa usiouliza lolote kuhusu uwezo wako. Asili yako, dini yako, kama una ulemavu, hayo tumeshayazoea. Miaka hii limeenea swali jingine, na ndilo linalowafanya vijana wetu wawapigie wazazi simu usiku: ulipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, yule aliyeleta kipato kikubwa zaidi nyumbani kwenu alikuwa anafanya kazi gani?

Chini yake kuna orodha. Kuna fungu la walimu, wauguzi, wahasibu na madaktari. Fungu la mameneja. La makarani na makatibu. La mafundi magari, bomba na umeme. Kuna wenye biashara ndogo zilizoajiri watu wasiofika 25, kama duka la mtaani, mgahawa mmoja au teksi. Halafu linakuja fungu la walinzi, wasafishaji, wapakiaji, madereva wa malori na vibarua wa mashambani. Waliokaa muda mrefu bila kazi nao wana mahali pao. Unatakiwa uweke alama kwenye moja tu. Wengi wetu tunashuka moja kwa moja hadi chini kabisa, kwenye "sipendi kusema", tunabonyeza, tunaendelea na maisha.

Jarida hili la jumuiya yetu ya Watanzania lina ugomvi na hiyo alama ya chini kabisa.

Kwanza, kwa nini mzazi, na kwa nini utotoni? Kwa sababu Waingereza, kinyume na tunavyodhani siku tunaposhuka Heathrow, hawapimi tabaka kwa kuangalia mfuko peke yake. Mtu anaweza kushinda bahati nasibu akanunua jumba, na majirani wakajua kwa matamshi yake tu kwamba hakutokea huko. Mwaka 1954 profesa wa isimu wa Birmingham, Alan Ross, aliandika makala katika jarida la kitaalamu lililotoka Helsinki, akionyesha kwamba watu wa tabaka la juu hujulikana kwa maneno wanayoyachagua, mpaka lile la kutajia choo na lile la kitambaa cha kufutia mdomo mezani. Mwandishi Nancy Mitford akalidaka jambo hilo, na watu wakaanza kujisikiliza wanavyoongea. Hawajaacha mpaka leo. Ongeza na shule: za kulipia husomesha asilimia 7 hivi tu ya watoto, lakini waliosoma huko utawakuta wamejaa mahakama kuu na vyumba vya habari.

Sisi wa kizazi cha kwanza lafudhi inatuokoa kidogo. Mwingereza akisikia Kiingereza cha Tanga au cha Bukoba hajui akuweke wapi, kwa hiyo anakuweka pembeni, kwa wageni. Watoto wetu waliokulia Reading na Leicester hawana kinga hiyo. Wao wakifungua mdomo wanapangwa papo hapo.

Serikali ina kipimo chake rasmi, kinachotumika tangu 2001 hata kwenye sensa. Kina mafungu manane na kimetokana na kazi za John Goldthorpe, mwanasosholojia wa Oxford. Hakiulizi unalipwa kiasi gani. Kinaangalia umeajiriwa vipi: una mshahara wa mwezi na ngazi ya kupanda, au unalipwa saa ulizofanya basi, unajipangia kazi, au unasimamiwa. Daktari na wakili wako fungu la 1. Muuguzi na mwalimu, la 2. Mwenye duka lake au teksi yake, la 4. Mtunza wazee na mlinzi, la 6. Dereva wa basi na msafishaji, la 7, hata kama kwa ovataimu dereva huyo anampita mwalimu kwa pesa anazopeleka nyumbani.

Sasa mchukue mwanajumuiya ambaye sote tunamjua kwa sura, mama anayefanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee na kusafisha ofisi kila Jumamosi. Kwa hesabu ya serikali hii yuko la 6, karibu na chini. Kigamboni ana nyumba mbili za kupangisha, anawalipia ada watoto wa kaka yake, na akienda likizo hakuna kikao cha harusi kinachoanza kabla hajafika. Mpitishe huyo huyo kwenye masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967, yaliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Ameanguka masharti mawili kwa mpigo. Hapa ni mvuja jasho, kule ni mwenye nyumba anayeogopwa na wapangaji tarehe mosi.

Kwa hiyo wenzetu wanaosema "hayo matabaka ni yao, sisi hatumo" wana hoja, ila ni nusu ya hoja. Nyumba za Kigamboni hazimsaidii binti yake kwenye usaili wa London. Hakuna anayeziona.

Wako waliojaribu kupima kwa upana zaidi. Mwaka 2011 BBC, pamoja na wanasosholojia Mike Savage na Fiona Devine, ilifungua dodoso kwa umma, na matokeo yakatangazwa Aprili 2013. Walifuata mawazo ya Mfaransa Pierre Bourdieu, kwamba mtaji ni pesa, na pia ni watu unaofahamiana nao na mambo unayoyapenda. Basi wakauliza akiba na thamani ya nyumba. Wakauliza kama unafahamiana na wakili, dereva wa lori, mhadhiri, msafishaji. Wakauliza kama unatembelea makumbusho na majumba ya kale ya makabaila, unasikiliza jazi, unacheza gemu za video. Yakapatikana matabaka saba, kuanzia vigogo, asilimia 6 ya watu, hadi wale wanaoishi kwa kubahatisha, asilimia 15. Vigogo walikuwa na kipato cha kaya cha wastani wa pauni 89,082 kwa mwaka na akiba inayozidi pauni 142,000. Wa chini walikuwa na kipato cha pauni 8,253. Akiba yao, pauni 793.

Kilichonichekesha mimi ni jambo ambalo watafiti wenyewe hawakulificha. Watu zaidi ya 161,000 walijaza dodoso hilo kwa hiari yao. Vigogo, ambao ni asilimia 6 ya nchi, walikuwa asilimia 22 ya waliojaza. Wa chini kabisa hawakufika hata asilimia 1. Ikabidi kampuni ya utafiti iwahoji watu elfu moja na ushee wa kila aina ili picha ikae sawa. Kujipima tabaka, kumbe, ni starehe ya aliyeshiba. Aliyetoka shifti anataka kulala.

Mtu wetu angevuna alama chache upande wa starehe. Sidhani walitenga kisanduku cha taarabu. Upande wa watu tungewashangaza. Kwenye msiba mmoja wa Kitanzania utamkuta daktari bingwa, dereva wa basi, mwanafunzi wa uzamivu na mlinzi wa supamaketi wanakula pilau kwenye sahani za plastiki, wanaitana kaka na shemeji, na kabla ya saa sita usiku mchango wa kusafirisha maiti hadi Moshi umeshatimia. Ni Waingereza wachache wenye daktari na msafishaji kwenye simu moja, na wakiwapigia ni kwa shida tofauti.

Wenyeji nao kwenye jambo hili si wakweli sana. Matokeo ya uchunguzi wa British Social Attitudes yaliyotolewa 2016 yalionyesha kuwa asilimia 60 wanajiita tabaka la wafanyakazi, wakiwemo asilimia 47 ya wenye kazi za kitaalamu na umeneja. Mtu ana nyumba Surrey, baba alikuwa mhasibu, lakini ukimgusia asili yake anakurukia babu aliyechimba makaa ya mawe. Sisi tuna ugonjwa wa upande wa pili, na nitaufikia.

Kwa nini basi tuwape waajiri majibu? Sam Friedman na Daniel Laurison, katika kitabu chao cha 2019, The Class Ceiling, walionyesha kwamba hata ndani ya kazi za juu kabisa, waliotoka familia za wafanyakazi hulipwa wastani wa asilimia 16 pungufu ya wenzao waliozaliwa kwenye familia za wataalamu na mameneja. Kwa wanawake na kwa watu wenye asili kama yetu pengo hilo ni kubwa zaidi. Sababu walizozikuta hazihusu uvivu. Nani ana wazazi wa kumlipia pango la London wakati kazi aliyoipenda bado haijaanza kumlipa vizuri? Nani ana mkubwa wa kampuni anayembeba kwa sababu wanacheka vichekesho vilevile? Nani anaonekana "anafaa" kabla hajafungua kompyuta?

Na sheria haipo hapo. Sheria ya Usawa ya 2010 inataja sifa tisa ambazo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwazo. Rangi imo, dini imo, umri umo, jinsia imo. Tabaka halimo. Kijana wetu akinyimwa cheo kwa rangi yake, kuna mahali pa kupeleka malalamiko. Akikwama kwa sababu ya alikotoka kimaisha, kinachoweza kumsemea ni hesabu ya mwajiri inayoonyesha ni watoto wa nani wanaoingia na ni wa nani wanaopanda. Hesabu hiyo inatokana na ukurasa ule ule tunaouruka. Majibu yake kwa kawaida hayapelekwi kwa wanaokusaili, kwa hiyo hofu ya kwamba jopo litajua mama yako alishika ufagio haina msingi mkubwa.

Tuje kwenye kujaza. Wanachama wanatuuliza, na kuna hali tatu zinazojirudia.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka ya themanini, mshahara ukichelewa, mama akiuza vitumbua ili mwezi uishe. Wenye hali hiyo husema, "Sisi ni watoto wa makabwela, mwalimu gani?" Waweke alama kwa mwalimu. Njaa ilikuwepo, sawa, lakini nyumbani kulikuwa na vitabu na mtu aliyejua fomu ya kidato cha tano inajazwaje na mkuu wa shule anaandikiwaje barua. Hicho ndicho swali linachokitafuta. Mtoto wa jirani hakuwa nacho.

Baba alikuwa mkulima. Orodha haina mkulima mdogo, ina kibarua wa shamba tu. Kama alikata mkonge kwenye shamba la watu kule Korogwe, jibu liko wazi. Kama alilima ekari zake mwenyewe na kuuza mahindi yake, kipimo cha serikali humweka fungu la 4 pamoja na mwenye duka, na kwenye fomu biashara ndogo ndiyo iliyo karibu naye.

Hali ya tatu ndiyo ngumu, na ndimo ulimo ule ugonjwa wetu wa upande wa pili. Mama alifundisha sekondari Dodoma. Akaja huku, vyeti vikakaa kabatini, akabeba boksi kama wengine. Binti alipokuwa na miaka 14, mama alikuwa anaamka saa tisa usiku kwenda kusafisha ofisi kabla wenyewe hawajafika. Leo binti anajaza fomu, anapiga simu, na mama anajibu bila kusita: "Andika mwalimu." Tunamwelewa. Shahada ya Mlimani hakuiokota njiani, na hakuna mzazi anayependa kuandikwa kwa kazi aliyoifanya kwa kukosa nyingine. Lakini kinachoulizwa ni kazi iliyolipa pango mwaka ule, na jibu lake ni msafishaji. Fomu nyingi zina swali la pili, kama kuna mzazi aliyesoma chuo kikuu, na hapo binti ajibu ndiyo, kwa herufi kubwa akitaka. Majibu hayo mawili yakisomwa pamoja yanaeleza kilichozipata nyumba nyingi za jumuiya hii vizuri kuliko hotuba zetu za kila Desemba.

Katibu amekubali kubaki ukumbini baada ya mkutano ujao kuwasaidia vijana wenye fomu mkononi. Njooni na wazazi wenu, ubishi umalizikie hapo hapo. Chai itakuwepo.