Kumsahihisha Mtumishi Mpya wa Afya

Nilipokuwa daktari tarajali, katika hospitali ambayo sitaitaja, bingwa mmoja alinigombeza mbele ya wodi nzima: "Umesoma wapi wewe?" Kosa lilikuwa langu kweli, sikurudia kupima shinikizo la damu la mama mjamzito. Lakini somo nililolipata halikuhusu shinikizo la damu. Nilijifunza kutompigia simu yule bingwa. Usiku uliofuata nilitatizwa na mgonjwa mwingine, nikasita hadi alfajiri. Alipona, na bahati ile sikuistahili.

Hapa Itigi jambo hili lina uzito wake. Muuguzi mpya anayepangiwa zahanati ya upande wa Rungwa, kupita vichaka vyetu hivi, huweza kukesha zamu akiwa peke yake. Simu ndiyo kamba yake. Tukimtia hofu, tumeikata.

Katika ziara moja ya usimamizi shirikishi nilikuta patografu ambayo mapigo ya moyo wa mtoto yameandikwa kila nusu saa bila kukosa, kwa mwandiko usioyumba hata kidogo. Mama na mtoto walikuwa salama. Karatasi ilikuwa imejazwa baada ya kujifungua. Ningeweza kumwita muuguzi mwongo. Nilimwomba tutoke nje, tukaketi chini ya mti, nikamwuliza: "Dada, saa nane usiku hali ilikuwaje?"

Alinyamaza, kisha akaeleza: akina mama wawili katika uchungu kwa wakati mmoja, na taa moja. Nilimweleza waziwazi kwamba karatasi ile ni ya hatari kuliko karatasi tupu, kwa kuwa mwenzake angeiamini na kuchelewesha rufaa. Tukakubaliana: asipopima, aache wazi, akizidiwa, apige simu.

Wapo wenzangu wasemao kwamba ukali ndio uliowafunza. Nadhani wanayakumbuka makosa waliyoyaacha na kuyasahau waliyoyaficha. Hata hivyo, kumwambia "umejitahidi" mtu aliyekosea dozi si upole, ni kumtelekeza.

Nanyi wagonjwa, mkimwona mkubwa akimwelekeza mdogo pembeni, msidhani mmekabidhiwa asiyejua kazi. Wa kuogopwa ni yule asiyeelekezwa na mtu.

Muuguzi yule amenipigia simu mara tatu tangu siku ile, mbili kati ya hizo usiku wa manane.